Sanduku la Baba na Riwaya Nilizozisifu Kabla ya Kuzisoma Upya

Jumamosi moja ya Februari mwaka 2023, katika ukumbi wa kanisa hapa Nakuru ambako huwa ninasoma vitabu na vijana, msichana wa miaka 17 aliinua mkono akaniuliza kwa adabu kamili swali ambalo sikuwa nimejiandaa kulijibu: "Anti, hiki kitabu ulikisoma lini mara ya mwisho?" Nilifungua kinywa niseme "juzi juzi", nikakifunga. Ukweli ni kwamba nilikisoma mara ya mwisho mwaka 1984, nikiwa na umri wa miaka 15, nimejilaza juu ya sanduku la bati katika nyumba za reli, na yote niliyowaambia vijana wale wiki iliyotangulia nilikuwa nimeyatoa katika kumbukumbu ya miaka 39.

Kitabu chenyewe kilikuwa Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, kilichotoka mwaka 1974, na nilikuwa nimekisifu kwa maneno mazito. Niliwaambia kwamba Willy Gamba, jasusi wa Tanzania anayetumwa Nairobi kufuatia nyaraka zilizoibwa za wapigania uhuru, ni shujaa wa Kiafrika ambaye hakuhitaji kuazima koti la jasusi yeyote wa Ulaya, na kwamba msichana na mvulana wanaweza kumsoma kwa fahari moja. Msichana yule alikuwa amekwenda nacho nyumbani, akakimaliza kwa siku nne, na sasa alikuwa amekishika mkononi kikiwa kimejaa vipande vya karatasi alivyovichomeka kila mahali ambapo mwanamke huingia katika hadithi. Alisoma vifungu vitatu kwa sauti. Katika vyote vitatu mwanamke alikuwa mwili kwanza na mtu baadaye. Wavulana wa safu ya nyuma walicheka kicheko cha aibu. Mimi nilikuwa nimeyasahau hayo kabisa, au labda nikiwa na miaka 15 sikuona chochote cha kusahau.

Niliwaomba radhi vijana wale, nikarudi nyumbani nimeazimia kwamba sitampa mtoto wa mtu kitabu kingine kutoka katika sanduku lile kabla sijakisoma upya mwenyewe, jalada hadi jalada. Nilidhani ni kazi ya miezi minne. Ilinichukua karibu miaka miwili, ikanigharimu fedha ambazo sikuzipangia, kifua changu, na nusura uhusiano wangu na kaka yangu. Kwa kuwa najua nyumba nyingi za hapa Bonde la Ufa na kule Magharibi zina sanduku kama hilo chini ya kitanda, nimeona niandike jinsi mambo yalivyokwenda.

Baba alikuwa karani wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki huko Tabora, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 alirejea Kenya na mama, sisi watoto wanne, na sanduku la bati ambalo mama alidhani lina vyombo. Lilipofunguliwa Nakuru likakutwa na vitabu, katika nyumba ambayo wakati huo ilikuwa na sufuria mbili tu, na maneno aliyoambiwa baba siku hiyo sitayaandika hapa. Vingi vilikuwa riwaya za upelelezi alizozinunua kimoja kimoja kila mwisho wa mwezi: Muhammed Said Abdulla, Faraj Katalambula, Eddie Ganzel, Musiba. Kaka zangu waliongeza James Hadley Chase na Agatha Christie kutoka kwa wauza vitabu vya mitumba mjini, na mmoja wao akaleta After 4.30 ya David Maillu, kitabu kisichoficha mambo ya chumbani, ambayo baba aliinyang'anya na kuifungia ndani ya sanduku lile lile, bila kujua kwamba sote tulijua ufunguo huwekwa wapi.

Alipostaafu alilichukua sanduku hadi nyumbani kwetu karibu na Butere, kule inakoishia reli ya kutoka Kisumu, na alipofariki mwaka 2019 likabaki pale ghalani, chini ya magunia. Kabla ya siku ile ya aibu nilikuwa nimelitembelea mara moja tu, nikachomoa vitabu vichache vilivyokuwa juu, kikiwamo hicho cha Musiba. Mwezi Machi mwaka 2023 nililifuata lote. Mzigo ulinigharimu shilingi 600 kwenye matatu hadi Kisumu na shilingi 800 nyingine hadi Nakuru.

Kosa la kwanza nililifanya jioni hiyo hiyo. Nililifungua sanduku sebuleni, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, nikaanza kupangusa vitabu kwa kitambaa huku nikivifungua kimoja kimoja kuvinusa, kama mtu aliyekutana na ndugu zake. Ukungu wa miaka kadhaa na vumbi la mchwa viliingia kifuani. Nilikohoa majuma matatu, nikalipa shilingi 4,200 kwa daktari na dawa, mimi ambaye nimefanya kazi miaka 31 katika famasi ya hospitali nikiwaonya wagonjwa wa pumu dhidi ya jambo hilo hilo. Sanduku la namna hii lifunguliwe nje, siku kavu, kivulini, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, na vumbi liondolewe kwa brashi laini, kwani kitambaa hulisugulia ndani ya karatasi. Jua kali nalo halifai, maana hukausha gundi ya mgongo wa kitabu na kurasa zikaanza kuanguka kama majani ya mparachichi. Mchwa walikuwa wamekula vitabu 9. Vilibaki 48.

Kabla ya kusoma chochote nilinunua daftari, na huo ndio uamuzi pekee wa siku za mwanzo ambao sikuujutia. Ukurasa wa kushoto niliandika yote niliyoyakumbuka kuhusu kitabu kabla ya kukifungua: nani aliuawa, nani aliua, kwa sababu gani, mahali gani, na kitu gani kilinipendeza. Baada ya kusoma nikaandika upande wa kulia yale niliyoyakuta. Utaratibu huu haufai kubadilishwa, kwa sababu ukishasoma hata kurasa 10 kumbukumbu hujirekebisha yenyewe kimyakimya, kisha ikakuapia kwamba ndivyo ilivyokuwa ikijua tangu zamani. Katika vitabu 48 nilimkumbuka muuaji sawasawa katika 7 tu. Kuna riwaya mbili nilizokuwa nimeziunganisha kuwa moja, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwasimulia watu, kwa ufasaha mkubwa, hadithi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiandika.

Nilianza na Abdulla kwa kuwa ndiye niliyemwogopa zaidi. Baba alimpenda mno, na sikutaka kumkuta amechakaa. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950, ukachapishwa kuwa kitabu mwaka 1960, na hakuna msomaji atakayekosa kuona kwamba mpelelezi wake, Bwana Msa mwenye kiko mdomoni, na rafiki yake Najum pembeni, ni ndugu wa Sherlock Holmes na Daktari Watson. Nilijiandaa kukutana na mwigo. Badala yake nilikutana na Kiswahili ambacho sijakisikia tangu baba aondoke: watu wa Unguja wanavyotaniana, wanavyolizunguka jambo mara tatu kabla ya kulitaja, wanavyofichana ukweli kwa heshima tupu, na mpelelezi anayejua kwamba ukitaka kuupata ukweli huo lazima kwanza ukae barazani na kunywa kahawa. Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia katika uandishi wa habari na hatimaye kulihariri gazeti la Mkulima. Nimefanya kazi na wakaguzi wa afya, na ninamwona mmoja ndani ya Bwana Msa. Mkaguzi wa afya ndiye mtumishi wa serikali anayeingia nyumba ya tajiri na ya maskini kwa haki ile ile, akatazama kisima, choo na jiko, huku mwenye nyumba akimsimulia mambo mengine kabisa.

Kuna neno moja lililonionyesha jinsi nilivyokuwa nimekisoma vibaya. Kwa miaka 40 niliamini kwamba mzimu wa jina la kitabu ni roho ya mtu aliyekufa, kama tunavyosema sisi omusambwa kwa Kiluhya, na nilikisoma kama hadithi ya kutisha. Kwa watu wa Unguja mzimu ni mahali pia, pango au mti au magofu ambako watu hupeleka sadaka na kuomba haja zao, na katika riwaya hii maiti hukutwa mahali kama hapo. Ukilielewa hilo, hofu ya wahusika haiwi tena kitu cha kuchekesha, na ukaidi wa Bwana Msa wa kutafuta mkono wa binadamu pale ambapo wengine wanaona mkono wa mizimu unakuwa na uzito wake. Tangu hapo nimekuwa nikisoma vitabu hivi kamusi ikiwa karibu, hata kwa maneno ninayodhani ninayajua. Hasa kwa hayo.

Yapo yaliyochakaa. Fumbo la Abdulla mara nyingi hutegemea siri za nasaba, nani ni mtoto wa nani na nani alifichwa kwa nani, na sadfa zinazohitajika ili siri hizo zikutane katika sura za mwisho ni nyingi kuliko subira yangu ya sasa. Dunia ya kitabu cha kwanza, yenye mabwana wenye mashamba na watumishi wao, ilipinduliwa miaka minne tu baada ya kitabu kutoka, katika Mapinduzi ya mwaka 1964, na kitabu hakiwezi kuwa na habari. Kijana wa leo anayeijua tarehe hiyo humaliza riwaya na maswali ambayo mimi sikuwa nayo, na hayo maswali ni mazuri.

Ndani ya vitabu vya Abdulla ndimo nilimomkuta baba. Karibu na katikati ya kila kimoja aliandika pembeni kwa penseli jina la mtu anayemshuku, pamoja na tarehe, kisha kwenye ukurasa wa mwisho akaandika "ndiye" au "siye". Alikuwa na vitabu vitano vya Bwana Msa. Alikosea katika vinne. Mtu ambaye kwa miaka 30 hesabu za tiketi hazikumpiga chenga hata senti moja, alikuwa akidanganywa na Abdulla mara kwa mara, na bado alirudi kununua kingine. Siku niliyoligundua hilo sikuendelea kusoma.

Simu ya Kifo ya Katalambula, ya mwaka 1965, nilimaliza kwa usiku mmoja. Mwendo wake bado ni wa kasi na Inspekta Wingo bado anavutia, ila nilipoipeleka kwa vijana ilinibidi nianze kwa kueleza kwamba zamani simu ilikaa mezani, haikuonyesha namba ya anayepiga, na ikilia usiku huna njia ya kujua ni nani isipokuwa kuinua mkono wa simu na kusikiliza. Baada ya maelezo hayo ya dakika mbili, hofu ilirudi mahali pake.

Kwa Musiba nilirudi nikiwa na hasira, kama mtu aliyeaibishwa na rafiki. Nilimsoma polepole, nikaandika upande wa kulia wa daftari kila mwanamke na kazi aliyopewa katika hadithi, na hesabu hiyo haimtetei mwandishi. Msichana wangu alikuwa na haki. Lakini nilipokuwa nikisoma nilikumbuka pia jambo ambalo sikuwaambia vijana: kitabu kilipotoka, Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, Msumbiji na Angola zilikuwa bado hazijapata uhuru, Zimbabwe ilikuwa na miaka sita ya kungoja na Afrika Kusini miaka 20. Nyaraka anazozifuatia Gamba hazikuwa kisingizio cha kukimbizana kwa magari. Kwa karani wa reli aliyekisoma Tabora, zilikuwa habari za jana. Kikosi cha Kisasi, cha mwaka 1979, kinachompeleka Gamba Kinshasa, kina hasira ile ile na kasoro zile zile, na nadhani kimejengwa vizuri zaidi. Niliporudi ukumbini niliwapa vijana historia hiyo kwanza, nikawaambia waziwazi nini watakikuta kuhusu wanawake, kisha nikawaachia kitabu. Mjadala uliofuata ulichukua Jumamosi mbili, na msichana wa vipande vya karatasi ndiye aliyemtetea Gamba kuliko wote, jambo ambalo sijalielewa hadi leo.

Kosa langu kubwa la usomaji lilikuwa kwa James Hadley Chase. Mwezi Agosti mwaka 2023 niliamua kumaliza vitabu vyake 9 vilivyokuwamo sandukuni kwa mfululizo, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayepalilia mistari ya mahindi. Kufikia cha tano sikuweza tena kutofautisha mwanamke mrembo msaliti wa kitabu hiki na wa kile, wala begi la fedha, wala jamaa mjinga anayedhani atatoka salama. Nikaandika kwenye daftari kwamba mwandishi huyu hana thamani yoyote, nikampigia simu kaka yangu aliyeko Kisumu kumwarifu. Yeye ndiye aliyevinunua vitabu hivyo kwa akiba ya nauli ya shule. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Dada, wewe ndiye umezeeka, si vitabu," akakata simu. Hatukuzungumza kwa miezi miwili.

Alikuwa na haki kwa nusu. Riwaya za namna hii ziliandikwa zisomwe moja kwa mwezi, safarini au kitandani, na ukizimeza tisa kwa pamoja utaona mifupa tu. Nilimrudia Chase baadaye, kimoja kila baada ya majuma sita, na nikaona tena ustadi uliomteka kaka yangu: ukurasa wa kwanza unakukamata shingo, hakuna sentensi inayokaa bure, na mtego unafungwa kwa hatua ambazo unaziona lakini huwezi kumwonya mhusika. Hata hivyo nusu ya pili ya haki ni yangu. Chase, ambaye jina lake halisi lilikuwa René Raymond, alikuwa Mwingereza aliyeandika kuhusu majambazi wa Marekani akiwa Ulaya, kwa msaada wa ramani na kamusi ya lugha ya mitaani, na katika usomaji wa pili hilo linaonekana: miji yake haina harufu, haina chakula, haina mtu anayepita tu njiani. Kuhusu ukatili dhidi ya wanawake katika riwaya iliyompa jina, No Orchids for Miss Blandish ya mwaka 1939, mwandishi mwenzake George Orwell alikwisha kulalamika mwaka 1944, na sikuwa na la kuongeza. Hicho sikukipeleka ukumbini.

Agatha Christie nilimsoma kwa jicho la kazi yangu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi katika famasi ya hospitali, na kitabu chake cha kwanza, The Mysterious Affair at Styles cha mwaka 1920, kilisifiwa na jarida la wafamasia la Uingereza kwa usahihi wake. Nilikuwa sijui hilo nilipokisoma nikiwa msichana. Nikikisoma sasa, nikiwa nimepima dawa kwa miongo mitatu, nilisimama mahali pale ambapo sumu inaelezwa, nikatoa kitabu changu cha zamani cha chuo, nikahakikisha, na kemia ikakubali. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na mwenzake wa kazi ugenini. Riwaya nyingi za kusisimua hazistahimili ukaguzi huo. Ile leso yenye klorofomu inayombwaga mtu mzima kwa sekunde mbili, ambayo inapatikana katika vitabu vya lugha zote, ni uongo mtupu, kwani dawa hiyo huchukua dakika kadhaa na mtu hupigana muda wote huo. Nilihesabu leso sita ndani ya sanduku la baba.

Kwa Christie nilijifunza pia kwamba watu wawili wanaweza kubishana kuhusu kitabu kimoja na wote wakawa wanasema kweli. Kaka yangu na mimi tulipopatana, nilimtajia kifungu fulani kinachowadharau watu wasio Wazungu, naye akafungua nakala yake mpya akasema hakimo. Hakikuwamo. Mwaka 2023 habari zilienea kwamba wachapishaji wake wamekuwa wakiondoa maneno ya matusi katika matoleo mapya, na si mara ya kwanza: riwaya yake moja ya mwaka 1939 ilitoka Uingereza ikiwa na jina lenye neno la kuwatukana watu weusi, Wamarekani wakaibadilishia jina mwaka uliofuata, na Waingereza wakaendelea na lile la kwanza hadi miaka ya 1980. Kwa hiyo kabla ya kumhukumu mwandishi wa zamani, au kumsafisha, tazama ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu ujue unasoma toleo la mwaka gani. Mimi sasa huandika mwaka huo juu ya ukurasa wa daftari kabla ya jambo lingine lolote. Binafsi napendelea toleo la zamani kwa mtu mzima, pamoja na ubaya wake wote, kwa sababu nataka kujua mwandishi alikuwa nani.

Vile vitabu 9 vilivyoliwa na mchwa nilitaka kuvirudisha. Nilizunguka kwa wauza vitabu vya mitumba wa Nakuru, kisha wa Kisumu, wale wanaotandaza gunia kando ya barabara karibu na kituo cha mabasi, ambako unainama hadi kiuno kinauma. Bei ilikuwa kati ya shilingi 50 na 250. Kimoja cha Christie nilikinunua kwa shilingi 150, nikakisoma kwa siku tatu, nikafika pale ambapo mpelelezi anawakusanya washukiwa wote sebuleni, anakohoa kidogo, anaanza kusema. Nikageuza ukurasa, nikakutana na jalada la nyuma. Vitabu hushonwa kwa mafungu ya kurasa, mara nyingi 16 au 32, na fungu la mwisho ndilo la kwanza kung'oka. Tangu siku hiyo sinunui riwaya ya upelelezi barabarani kabla ya kutazama kama ukurasa wa mwisho unaishia na nukta na kuna nafasi tupu chini yake. Muuzaji mmoja alidhani ninasoma mwisho bure ili nisinunue, akaninyang'anya kitabu. Sikumlaumu. Ben Mtobwa, mwandishi wa Tanzania, hakunipa taabu hiyo, kwa kuwa baadhi ya riwaya zake zimechapishwa tena Nairobi na East African Educational Publishers, na nilizipata mpya dukani. Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, anaandika jiji la usiku vizuri kuliko wote niliowataja, na shujaa wake Joram Kiango ana ucheshi ambao Gamba hana. Kurasa za mapigano tu ndizo niliziruka.

Kosa la mwisho ndilo linaloniuma. Mwezi Juni mwaka 2024 nilimwazima mama mmoja wa kanisani Siri ya Sifuri ya Abdulla, nakala ya baba, ile ile pekee ambayo alikuwa amemkisia mtu sahihi na kuandika "ndiye" kwa herufi kubwa. Alihamia Eldoret mwezi uliofuata. Kitabu kilipotea katika kuhama, alisema, na alinitumia shilingi 500 kwa simu pamoja na samahani nyingi. Nilizirudisha. Nakala nyingine ya Siri ya Sifuri inaweza kupatikana, lakini mwandiko ule haupatikani, na sikuwa nimeupiga hata picha moja, ingawa simu yangu imejaa picha za keki za harusi za watu. Vitabu vyote vinne vilivyobaki sasa nimepiga picha kila ukurasa wenye penseli, na havitoki nyumbani. Anayetaka kumsoma Bwana Msa hupewa nakala niliyoinunua, na penseli.

Hiyo penseli niliitoa kama utani, lakini vijana wameishika. Ukifika katikati unaandika jina la unayemshuku na tarehe, na kitabu kinapokwenda kwa mwingine naye anaandika lake chini. Nakala ya Kisima cha Giningi ina majina 11 sasa, na matatu tu ndiyo yana "ndiye". Simu ya Kifo imetoka nje tangu Machi. Nilipomwuliza mvulana aliyeichukua, aliniambia kwamba yeye alikwisha maliza siku nyingi, ila mama yake ameichukua na amemkataza kumwambia mwisho.